Zamu ya Mitaro na Mikono Miwili ya Hagler

Jumatatu, 14 Septemba 1987

Leo nimenyoa watu watatu tu. Muda uliobaki nimebishana na Salim, muuza vitambaa wa mlango wa pili hapa Migwani. Anasema Robinson wa zamani zile angempiga Hagler wa siku hizi. Robinson! Bondia wa enzi za baba yangu! Nikamwambia Hagler angemlaza raundi ya nane. Akauliza kama ni Hagler huyo huyo aliyeshindwa na Leonard mwezi wa nne. Nimekasirika hadi nikamkwaruza mteja sikio. Kidogo tu. Namshukuru mteja kwa uvumilivu.

Jioni Kavata, mke wangu, ameuliza habari ya mitaro ya kuzuia udongo shambani kwetu. Orodha ya mwethya imetoka, kikundi chetu cha kuchimbiana mashamba kwa zamu. Salim wa kwanza, Jumamosi hii. Mimi wa mwisho, mvua ikiwa imeshaanza! Eti sijaonekana kazini misimu minne. Lakini sababu yangu wanaijua. Mimi ni wa mkono wa kushoto. Katika mstari wa majembe, wa kushoto humgonga jirani yake. Huwa nabaki nyumbani kwa usalama wa wenzangu.

Mwaka jana mvua iliteremsha udongo wangu wote hadi kwa Salim, ambaye shamba lake liko chini ya langu. Maboga yetu yaliota kwake. Alituletea nusu, Mungu ambariki. Kavata amesema udongo ukienda tena, naye anarudi kwao Kilungu. Hakupaza sauti. Hilo ndilo limenitia hofu.

Jumanne, 15 Septemba

Nimepata akili! Nimemwekea Salim dau. Hagler akionekana mshindi, tunabadilishana zamu: yeye awe wa mwisho, mimi Jumamosi. Robinson akishinda, nitamnyoa Salim bure hadi uzee. Amekubali mara moja, hata hakufikiri. Mjinga!

Mwamuzi? Salim amemtaja Mbinya, mwenyekiti wa mwethya, kwa kuwa yeye ndiye hupanga zamu. Nimeficha furaha yangu. Mbinya hajui ndondi hata chembe. Nitamlisha nitakacho.

Jumatano, 16 Septemba

Maandalizi. Nimempelekea Mbinya boga kubwa kwa siri, lile alilolitunza Kavata kwa ajili ya mbegu. Mbinya amepokea, ameshukuru, ameniangalia kwa muda mrefu, kama anayengoja niseme jambo. Nikasema jua ni kali. Akasema ndiyo, ni kali. Nikaondoka. Mama wa ajabu.

Mchana nimejipima kwenye mizani ya mbaazi ili nijue hali ya bondia wa uzito wa kati. Yeye kilo sabini na mbili na nusu. Mimi hamsini na nne, na viatu. Nimekula mara mbili.

Alhamisi, 17 Septemba

Aibu! Aibu tupu!

Mjadala ulikuwa kwenye shamba la pamoja la kikundi, wakati wa uji, mbele ya akina mama thelathini wenye majembe. Salim alianza, mpole kama kawaida yake. Alisema Robinson alikuwa bingwa wa uzito wa kati mara tano, akipokonywa taji anarudi kulichukua. Akina mama wakaguna kwa kuridhika. Wanapenda mtu anayeanguka na kuinuka. Irungu wa hoteli akadakia na Monzon wake wa Argentina, aliyetetea taji mara kumi na nne. Akaambiwa anywe uji.

Nikaona nashindwa. Nikasimama. Nikawaeleza jinsi Hagler alivyommaliza Hearns raundi ya tatu. Mbinya akauliza huyo mtu wangu ana nini hasa ambacho wengine hawana. Mikono, nikasema! Anapigana kwa kushoto, katikati ya raundi anahamia kulia, na adui hajui ngumi itatoka wapi. Mbinya akasema haelewi. Kwa hiyo nikanyakua jembe la mama mmoja nikamwonyesha. Nikachimba kwa kushoto. Nikahamia kulia. Kushoto, kulia! Nilichimba hatua tano za mtaro, safi, udongo wote ukaenda juu unakotakiwa. Nilikuwa Hagler mwenyewe.

Nilipoinua kichwa, mama thelathini walikuwa wananitazama mkono wa kulia.

Mbinya akauliza polepole kama kweli mtu wa kushoto anaweza kuchimba kwa kulia. Na mimi, mdomo wangu huu, nikajibu kwamba akitaka, anaweza siku nzima.

Walicheka hadi uji ukamwagika. Kavata alijifunika uso kwa leso.

Kisha hukumu. Mbinya alisema wanaume wasiowahi kukutana yeye hawezi kuwaamua. Lakini maji anayajua, nayo hutoka juu. Shamba langu liko juu ya la Salim, na mtaro wa chini hauchimbwi kabla ya wa juu. Tangu mwanzo Jumamosi ilikuwa yangu. Aliniandika wa mwisho ili niende kwake mwenyewe niombe msamaha. Hata boga lilipokuja alidhani ndiyo siku. Na aliyemsihi aanze na shamba langu ni Salim! Wiki mbili zilizopita!

Nikasema asante.

Jumamosi, 19 Septemba

Walikuja wote, alfajiri, wakiimba. Mitaro minne! Nimechimba kwa mkono wa kulia, Mbinya nyuma yangu. Salim alikuwa pembeni yangu kutwa, na hakumtaja Robinson hata mara moja. Huyo ndiye mtu. Malengelenge saba. Sijawahi kufurahi hivi.

Mbinya alikuwa amelipika boga. Kavata alionja tonge moja, akalijua boga lake la mbegu, akanigeukia. Bahati Mbinya alikuwa ameziweka mbegu zote, akampa mkononi.

Jumanne, 10 Novemba

Jana mvua kubwa. Usiku kucha nilisikiliza. Asubuhi tumetoka, maji yamesimama ndani ya mitaro, udongo wote upo! Mbegu za maboga tulizopanda kwa manyunyu ya kwanza zimeota kwenye tuta. Kavata ameshika mkono wangu, huu wa kulia, akasema hata Kilungu hakuna mitaro mizuri hivi. Namshukuru Mungu, namshukuru Mbinya, namshukuru Salim, nawashukuru mama thelathini. Naapa sitawasahau.

Alhamisi mwethya inachimba kwa Irungu. Kavata amesema niende, mtu akifanyiwa hufanya. Kweli kabisa. Ila malengelenge hayajapona vizuri, na Irungu bado anadai Monzon angempiga Hagler. Nimemwekea dau. Hagler akishinda, Irungu atachimba badala yangu msimu mzima. Mwamuzi Mbinya. Irungu amekubali mara moja, hata hakufikiri.

Mjinga! Safari hii nitazungumza nikiwa nimeikalia mikono yote miwili.