Ripoti Kuhusu Kitufe cha Kulia cha Milembe

Wananchi wote wa Bariadi mnatangaziwa kwamba Kamati ya Kuchunguza Kitufe cha Kulia imekamilisha kazi yake kwa mafanikio makubwa. Mwenyekiti nilikuwa mimi, Januarius, Mratibu Mwandamizi wa Taarifa za Bei.

Tangu wafanyabiashara binafsi waruhusiwe kununua pamba, ofisi yetu husoma bei kwenye intaneti na kuipeleka kwa wakulima wa Dutwa. Mmoja anasoma, wa pili anaandika kwa kalamu, wa tatu anahakiki, wa nne anapiga muhuri, nami natia saini. Siku nne tu, tukijitahidi. Kama wanunuzi wameshaondoka na pamba, hayo ni ya kwao.

Basi Milembe, karani wa kompyuta, binti wa kuajiriwa juzi, akaandika skripti, yaani programu fupi ya kompyuta, ya mistari kumi na miwili. Ukiichagua bei kwenye skrini na kubonyeza kitufe cha kulia cha mausi, ile orodha inayofunguka ina kipengele kipya: "Tangazo la Dutwa." Ukikibonyeza, printa inatoa tangazo limekamilika mpaka jina langu chini. Likapanda basi la saa mbili. Wakulima wakagoma kuuza kwa bei ya kutupa.

"Nani kakutuma?" nikamuuliza.

"Mwangaluka, mzee," akaanza kwa salamu ya Kisukuma. "Baba analima pamba. Mwaka jana bei ilimfikia ameshauza."

Hapo akawa ameingia choo cha kike. Nikaapa ataondoka, nikaunda kamati, kila ofisa aeleze alivyodhulumiwa.

Masunga, msomaji, akalalamika kitufe kimempora nusu ya kazi. Nyanda, mhakiki, akanuna.

"Nusu? Mimi yote. Andika yote, mwenyekiti, nisionekane mdogo kwa Masunga."

Masunga naye akadai yake irekebishwe iwe yote. Haki ni haki. Nikawaandikia wote yote, na mimi kama kiongozi nikajiandikia yote na ziada. Kurasa arobaini zikaenda makao makuu. Milembe akaanza kufungasha kikombe na kanga yake. Sikumhurumia hata chembe.

Majibu yakarudi upesi ajabu. Wakubwa wanaipongeza kamati kwa kuthibitisha, kwa ushahidi wa wahusika wenyewe, kwamba maofisa watano hawana kazi. Huu ni wakati wa kupunguza watumishi. Milembe abaki, apewe cheo changu.

Nikamwomba anichapie rufaa.

"Subiri kidogo, mzee, nimalize hizi."

Akabonyeza kitufe cha kulia, akachagua kipengele ambacho sikuwahi kukiona, na printa ikatoa barua tano za kuachishwa kazi kwa mpigo. Yangu ilikuwa ya kwanza. Niliikagua yote, haikuwa na kosa hata moja.