Nimetumwa Kuvua Watu

Jumatatu, tarehe 3
Jana mchungaji alihubiri vizuri, kwa mara ya kwanza tangu aoe. Alisema Yesu aliwaita wavuvi wa samaki wawe wavuvi wa watu, basi na sisi tukavue. Kila mmoja alete mtu Jumapili. Atakayeleta ataketi naye benchi la mbele, lile lenye egemeo. Wifi yangu, tunayemwita Kinanda kwa sababu hanyamazi, akanigeukia akacheka. Anajua sijawahi kuleta hata kuku. Tutaonana!

Nimemchagua fundi viatu. Ana dhambi za kutosha, tena hawezi kunikimbia, kiatu changu kiko kwake.

Mume wangu ameuliza kama kweli benchi hilo lina egemeo. Eti mgongo unamsumbua. Nimemwambia asinipotezee muda, natafuta waliopotea.

Jumanne, tarehe 4
Aibu! Si yangu, ya mke wa fundi. Mimi nilifika kibandani nikasema wazi, sijui kuzungukazunguka: mwanangu, weka nyundo chini, nimetumwa nikuvue. Misumari ikamdondoka mdomoni. Mkewe akachomoka nyuma ya pazia kama moto wa mabua. Akauliza nimvue nini, shati au suruali, na nani kanituma. Nikajibu, mchungaji. Hapo ndipo alipopiga mayowe. Nikamtuliza, nikamwambia asione wivu, zamu yake itafika, naye nitamvua.

Mteja mmoja alicheka mpaka akakaa chini. Nimerudi bila kiatu. Watu wa siku hizi hawajui Biblia.

Alhamisi, tarehe 6
Mpango mpya: kinyozi. Safari hii Mungu sikumtaja kabisa. Nimemwambia Jumapili kuna mahali pana vichwa vingi vya kutengenezwa. Si uongo! Alikubali kabla sijamaliza. Kinanda atakoma.

Mzee wangu nyumbani ameuliza shati lake jeupe liko wapi. La kuendea wapi, kusikilizia redio? Nikamkumbusha, kama kila siku, kwamba asiyekwenda kanisani ataungua. Akasema vizuri, huenda joto likamsaidia mgongo. Mpagani!

Jumamosi, tarehe 8
Kinanda amekuja kuazima pasi. Ana pasi nyumbani kwake! Akanong'onezana na kaka yake uani, wakacheka. Sikuuliza, sina umbea. Mzee amenyoa ndevu. Umaridadi wa uzeeni, kama kupaka rangi gofu.

Jumapili, tarehe 9
Kinyozi alifika, na mkoba mkononi. Tukaketi benchi la mbele, mimi kama malkia, miguuni viatu visivyo ndugu. Mchungaji akasema tuinamishe vichwa. Kinyozi akadhani kazi imeanza. Katikati ya sala akauliza kwa sauti soketi iko wapi. Akamkagua mzee wa kanisa aliyekuwa karibu, akakuta upara, akaondoka amenuna.

Mlango haujafungwa vizuri, akaingia Kinanda. Nyuma yake mume wangu. Shati jeupe! Mchungaji akauliza nani amemleta baada ya miaka yote hiyo. Akasema dada yake. Alimwambia neno moja tu: karibu. Kanisa zima likanitazama. Mimi niliyemhubiria moto tangu tuoane!

Njiani akasema taratibu kwamba mimi sikuwahi kumkaribisha. Nilimtisha tu, akaona huko niendako hatakiwi. Na ile redio, kumbe huiwasha ili asisikie nyumba ilivyo kimya nikiondoka. Nikamgombeza kwa kutembea polepole.

Jioni ameniomba Jumapili ijayo aketi nami. Nimekataa katakata. Wewe umeshavuliwa, nimemwambia, huhesabiki tena, kaketi na aliyekuvua. Mimi kesho narudi kwa fundi viatu. Na mkewe akiwepo, vizuri zaidi. Nitawavua wote wawili kwa pamoja.