Mgonjwa Anayejibu Nzuri

Redio ya saluni haikuwahi kumaliza habari. Iliposema tu kwamba vyuo vya uuguzi siku hizi vinafundisha kwa kutumia wagonjwa wa kwenye kompyuta, kinyozi, ambaye benchi zima linamwita Profesa, aliizima akatoka nje na kitana mkononi.

“Mmesikia? Mgonjwa wa kompyuta. Huyo anaumwa nini, chaji?”

“Muulize Nesi,” akasema Mzee Soli, fundi viatu, bila kuinua macho kwenye kiatu alichokuwa akikishona. “Si ndiye muuaji wao.”

Nesi alitabasamu kwa shida, akambembeleza mwanawe mgongoni. Alikuwa bado mwanafunzi. Jina la Nesi lilikuwa limekitangulia cheti. Kesho angerudia mtihani wa mgonjwa huyo. Akimwua tena, haingii wodini, anarudia mwaka mzima.

“Ulimfanyaje marehemu?”

“Nilimsalimia, Profesa. Nikamwuliza, ‘Habari za leo, baba?’ Akasema, ‘Nzuri.’ Nikaenda kumtandikia kitanda.”

“Sasa kosa liko wapi?”

“Alikuwa anahema kama aliyekimbizwa na mbwa. Mwalimu anasema niliusikiliza mdomo, mwili sikuutazama.”

“Mwalimu wako kalelewa wapi? Mtu mzima akiulizwa habari anajibu nzuri. Mimi nilipoanguka kutoka darini nilijibu nzuri, ndipo nikazimia kwa adabu.”

Mzee Soli akagugumia kopo la maji, akalijaza tena. “Haya mwanangu, fanya mazoezi kwangu. Mimi ndiye kompyuta. Niwashe.”

Benchi likacheka. Nesi akachuchumaa mbele yake.

“Habari za leo, baba?”

“Nzuri, ila nakufa kidogo.”

“Usimsaidie,” Profesa akaonya. “Kompyuta haina ila.”

Nesi hakucheka. Safari hii alitazama. Lile kopo halikukauka tangu afike. Akashusha macho: mguu mmoja umevimba, na kwenye kidole gumba kuna kidonda kilicholowanisha kitambaa alichokifungia.

“Hiki cha lini?”

“Msumari tu huo, wa zamani. Wala hakiumi.”

Akakibonyeza pembeni. Mzee Soli hata hakukunja uso.

“Usiku unaamka kwenda chooni?”

“Naenda mpaka mlango umenizoea. Sasa choo na mguu wapi na wapi?”

Kiu. Choo. Kidonda kisichopona wala kuuma. Kwa mara ya kwanza kichwa cha Nesi kilifika kabla ya mwalimu.

“Baba, inuka twende ukapimwe sukari.”

“Mimi naigiza, mwanangu.”

“Wewe unaigiza. Mguu hauigizi.”

“Na mtihani wako? Husomi?”

“Yule akifa kesho wanamwasha tena,” Nesi akasema, akikaza kanga ya mtoto. “Wewe kitufe chako sijakiona.”

Profesa akatia kitana mfukoni, akamshika Mzee Soli mkono, wakashika njia ya hospitali. Nyuma yao akatoka mteja aliyenyolewa nusu kichwa, shuka shingoni, akawafuata. Hakuwa na pengine pa kwenda.