Kilo Saba za Kupanda Mlima

Jumatatu, 6 Mei

Kwako Shizue,

Keshokutwa unatimiza mwaka tangu ututoke. Niliahidi kwamba siku hiyo kitabu chako cha hija kipigwe mhuri wa hekalu la kumi na mbili, pale miguu yako ilipokataa. Ofisi ya mihuri hufungwa saa kumi na moja jioni. Mlimani hakuna duka. Basi nimefunga chakula kisichooza: yokan, ile halua ya maharage unayoijua, vipande ishirini. Karanga za miso, ule mchuzi mzito wa soya na chumvi. Mochi kavu, ile mikate ya mchele. Sukari guru. Kilo saba za nguvu tupu!

Mdogo wako Kenkichi kabeba matonge manne ya wali. Kaniuliza, “Shemeji, unahiji au unahama?”

Wivu.

Jumanne, 7 Mei

Mabega yanawaka. Na watu wa njiani wana mikono mipana! Zawadi anayopewa hujaji haikataliwi. Machungwa sita. Viazi vitamu. Bibi mmoja kanipa figili nzima, ndefu kama mguu wa mtoto.

Nikapata akili. Nikavua joho jeupe la hija na kofia, nikavificha mzigoni. Hakuna aliyenipa kitu tena. Ushindi! Zawadi zote nikamtwika Kenkichi. Nikamwaga na nusu ya maji, kupunguza uzito.

Jumatano, 8 Mei

Chumvi na sukari, Shizue! Kufika saa sita ulimi umekuwa gome. Maji yamekwisha. Mochi kavu huchemshwa kwanza; sikubeba sufuria. Kenkichi yuko mbele, anamenya machungwa.

Kwenye kibanda cha njiani mama mmoja aliwagawia mahujaji chai. Mimi, bila joho, akanidhani mchukuzi; akaniambia kuni zile zipelekwe nyuma. Nikazipeleka. Kisha nikavaa joho mbele yake. Akacheka mpaka akakaa chini. “Kumbe hujaji! Kunywa, baba, kunywa!” Vikombe vitano. Nikakumbuka ulivyokuwa ukipuliza changu kwanza.

Saa kumi na dakika hamsini nilikuwa dirishani. Mhuri ukagonga. Wino mweusi, mbichi, mzuri. Nilipumua kama mtu aliyetua mzigo wa mwaka mzima.

Alhamisi, 9 Mei

Nimelala kama gogo. Kenkichi anasema nimejifunza. Nimejifunza! Mwakani, hekalu la kumi na tatu: kilo tisa, na siagi ya karanga juu. Kosa lilikuwa uchache.

Huko uliko, Shizue, unikumbuke.