Bata wa Njano Hana Hatia

Mheshimiwa Bibi Afya,

YAH: KUAMRIWA KUSALIMISHA MAKOPO YA RANGI

Pokea salamu za fundi aliyeudhika. Mimi ndiye mchonga bata wa mbao uliyenijia Jumatatu, ukasema rangi yangu ya njano ina madini ya risasi, inadumaza akili za watoto, na ikifika Ijumaa nikukabidhi makopo yote. Tena ukaniuliza mbele ya wateja: "Fundi, mjukuu wako ungempa bata huyu?" Nikasema nitajibu kwa maandishi. Haya, najibu.

1. Rangi hii naijua kwa ulimi. Miaka thelathini nimekuwa nikilamba brashi ili ncha ichongoke nichore jicho. Ina utamu kwa mbali. Umeona wapi sumu tamu?

2. Watoto huwang'ata bata wangu mpaka rangi iishe. Bata wa jirani yangu hawang'atwi na mtu. Kizuri chajiuza. Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Mimi nimempa bata tu, nalaumiwa.

3. La tatu lilikuwa zito kuliko yote, ila limenitoka. Ni umri, rangi haihusiki.

4. Uliutazama mkono wangu unavyotetemeka, ukaandika kwenye daftari. Sikupenda. Mtetemo huo ndio unaochora manyoya yenye mawimbi, na hakuna fundi aliyeweza kuniiga.

5. Kitanda chetu, mlango na kikombe cha mke wangu vyote nilivipaka mimi, na sote tu wazima, ukiacha tumbo linalotusokota kila siku.

Kwa hiyo naomba ofisi yako iache rangi yangu, na badala yake iwapige marufuku watoto kuota meno hadi wafikishe miaka saba. Meno ndiyo chanzo cha fujo yote hii.

Nisalimie wote ofisini, hasa dereva wako, aliyenunua bata wawili wakati akikusubiri. Huyo anajua kitu kizuri.

Ni mimi, niliyeudhika kwa heshima zote,
Fundi Bata

Tanbihi: Nimeisoma barua tena, nikaona lile swali sijalijibu. Mjukuu wangu ameota meno mawili wiki hii. Jana nilimchongea bata wake, nikakaa na bata huyo kutwa brashi ikiwa mkononi. Nimempa bila rangi. Makopo nimeyapanga mlangoni, usingoje Ijumaa. Na tafadhali, mwambie dereva awanyang'anye wanawe wale bata.