Mama Mkwe Yuko Mstari wa Mbele

Jumatatu, 9 Desemba 1957

Zimebaki siku kumi na tatu tupige kura. Nimeamua: kiti cha udiwani wa komini yetu, mitaa hii yote, ni changu mimi, Anaclet, karani wa reli. Baba mkwe, mzee Pierre, bado ananiita "ule kijana anakaa na mutoto yangu". Miaka kumi na mmoja ya ndoa, watoto wanne, bado kijana! Nikiwa diwani ataniita diwani.

Mpinzani ni Émile, fundi cherehani wa kiwanja cha pili kutoka kwetu. Anapita nyumba kwa nyumba akiongea habari za mifereji. Mifereji! Mimi nina mpango: mahojiano. Watu wa baa hawanijui, lakini Mwaba mpiga gitaa wanamjua. Aniulize maswali kwenye kipaza sauti, nijibu vizuri, basi wapenzi wake wanakuwa wangu. Watu wa mpira nitawapata kwa kipa Chola.

Alhamisi, 12 Desemba

Mwaba amekubali. Nimemwandikia maswali saba, yote ya kunisifu. Mke wangu Brigitte ameuliza kama wapenzi wa Mwaba si wanawake tu, na kama wanawake wanapiga kura. Nimemwambia siasa ni jambo refu.

(Kweli hawapigi. Lakini wana waume.)

Jumapili, 15 Desemba

Aibu! Aibu tupu!

Baada ya misa uwanja wa baa ulijaa. Mwaba akapiga nyimbo tatu, akanipa kipaza sauti. Maswali yangu saba yote alikuwa ameyasahau. Akauliza la kwake: "Bwana Anaclet, bibi yako unamufanyiaka nini mpaka leo hajakukimbia?" Watu wakacheka. Nilikuwa na jibu, tena la moto. Nikafungua mdomo, nikaona mstari wa mbele, kando ya kiti, na mwavuli wake: Mama Victorine. Mama mkwe wangu! Na aliyekuwa akimfutia kiti kwa leso ni Émile.

Kwetu mwanaume hamtazami mama mkwe usoni, hali chakula mbele yake, na mambo ya chumbani hayatamki akiwa karibu. Nikaruka ukuta. Suruali imepasuka, na waya wa kipaza sauti nilikwenda nao.

Jumanne, 17 Desemba

Leo amekuja mzee Rigobert, katibu wa chama chetu cha watu wa kaskazini. Nilijificha nyuma ya kabati, Brigitte akanitoa. Kumbe wazee arobaini na wawili walikaa jana. Wamesema mtu anayeacha umaarufu wake na kuruka ukuta kwa heshima ya bukwe, yaani ukwe, huyo ndiye wa kupewa kiti. Kura zote arobaini na mbili! Na baba mkwe alisema mbele yao: "Ule muntu iko na adabu." Muntu! Si kijana tena. Nimefurahi mpaka machozi.

Brigitte ameniomba kitu kimoja tu, ninyamaze mpaka Jumapili ya kura. Nimemwahidi.

Alhamisi, 19 Desemba

Kazini wananiita Mruka Ukuta. Wanasema nimemkimbia mwanamke mzee. Hao ndio watu wa mpira, na siwezi kuwaacha hivi hivi. Wazee ninao tayari. Kwa nini nishinde kidogo wakati naweza kushinda sana?

Nimekwenda kwa Chola. Huyu anajua kusoma.

Jumamosi, 21 Desemba

Mapumziko ya mechi. Chola akauliza neno kwa neno kama nilivyoandika: je, ni kweli nilimkimbia mama mkwe? Nikanguruma. Mimi? Nilikimbilia choo, tumbo lilikuwa linanisumbua! Yule mama simwogopi hata kidogo. Aje hapa, nitakula bukari, sahani nzima ya ugali, mbele yake na kulamba vidole!

Uwanja mzima ulicheka. Nikauona ushindi kwa macho yangu. Halafu nikaona benchi la upande wa kivuli. Wazee walikuwa wanasimama mmoja mmoja na kuondoka. Baba mkwe alikuwa wa mwisho. Hakunitazama. Roho iliniuma sana.

Jumatatu, 23 Desemba

Émile ameshinda. Mimi nimepata kura tatu. Moja yangu, moja ya Chola, ya tatu aliyeipiga simjui, na namshukuru.

Brigitte amekwenda kwao na watoto wote wanne. Nyumba iko kimya. Mzee Rigobert ameniambia dawa ni moja: kuku mweupe, yeye Rigobert mwenyewe ampeleke kwa mama mkwe, na mimi nibaki nyumbani, nisiseme neno mpaka niitwe. Nisipofanya hivyo Brigitte harudi. Nimelia kidogo. Nimekubali yote.

Jumanne, 24 Desemba

Kuku nimepata, mnene, mweupe kabisa. Lakini nimefikiri. Kuku akienda kimyakimya, nani atajua kwamba nimetubu?

Nimeongea na Gérard, bondia. Kesho Krismasi, misa ikitoka, barabara yote itakuwa imejaa. Gérard atabeba kuku, mimi nitakuwa ubavuni mwake, atanihoji kwa kipaza sauti mpaka mlangoni kwa mama mkwe. Nimemwachia uhuru aulize anachotaka. Nimemwomba tu aanze na uchaguzi ujao.