Makopo ya Kiume

Wenzangu wa bweni, kaeni chini kabla hamjaendelea kusoma. Leo nimepiga shabaha kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na nimeshindwa na mwanamke ambaye hakufyatua risasi hata moja.

Hasira niliyo nayo inaweza kuivisha maharagwe. Mtoto amelala. Baba yake nimemfukuza akachekee nje. Nimebaki na kalamu na ninyi.

Mnajua mume wangu ni askari wa wanyama, na tunakaa kambini hapa nje ya Voi. Kila mwaka kambi ina siku ya michezo. Wanaume hushindana kupiga shabaha, sisi wake zao tunapewa kijiko na yai tukimbie nacho (sisi tuliomaliza kidato cha nne, tunakimbia na yai). Mwaka huu Sajini akatangaza jambo jipya. Timu ya kambi inakwenda mashindanoni Mombasa kwa garimoshi, na safari hii kutakuwa na nafasi ya mke mmoja wa askari. Atakayeshinda kwa bunduki ya upepo ndiye atakayekwenda.

Nilipolisikia hilo nilisimama na karai la nguo mkononi nikasahau kulitua. Kila siku nasikia garimoshi likipiga honi Voi stesheni, likiteremka pwani na watu wengine. Tangu nijifungue sijatoka hapa isipokuwa kwenda kliniki na sokoni. Nilitaka kupanda lile behewa siku moja nikiwa mimi, si mama wa mtu. Nikaandikisha jina kabla nguo hazijakauka.

Mume wangu alicheka. Akaniuliza kama nitalenga kopo au nitaligombeza mpaka lianguke lenyewe.

Hajui nilikotoka, huyo. Ninyi mnajua. Kule kwetu Werugha, likizo zote nilikuwa nalinda mahindi. Marehemu baba alinisokotea kombeo la katani, likinukia mkonge mbichi, tukakaa wawili juu ya jiwe asubuhi, ukungu umefunika bonde lote, tunasikia nyani tu bila kuwaona. Yeye alikuwa hatupi. Alikuwa anafundisha. Aliniambia nikikasirika jiwe litapita juu, kwa hiyo nipumue kwanza. Aliniambia nikishachagua nyani wangu, nisisikie kitu kingine. Hata akiniita yeye, nisigeuke. Halafu anachoma mahindi mawili, langu ananipa lile lililoiva vizuri. Hata leo nikisikia harufu ya hindi linaloungua kidogo, mkono wa kombeo unasisimka.

Basi nikaanza mazoezi kwenye korongo kavu nyuma ya nyumba. Mashindano haya si ya kusimama kama mlingoti. Unakimbia, unapiga goti nyuma ya pipa, unaangusha kopo, unavunja mtutu, unatia risasi nyingine ndogo kama punje ya mtama, unakimbia tena, unalala kifudifudi kwenye udongo mwekundu, unaangusha jingine. Anayemaliza makopo ya safu yake kwanza ndiye mshindi.

Mikono ilikumbuka haraka. Kichwa ndicho kilichokataa. Mtoto akilia, nakosa. Jirani akiniomba chumvi, nakosa. Mume wangu akipita na kukohoa kile kikohozi chake, nakosa na ninamtukana. Nikakumbuka neno la baba kuhusu kutosikia. Nikampa mwanangu Mghoi kifuniko cha sufuria na mwiko, nikamwambia apige kadiri anavyotaka mama anapolenga. Mtoto wa umri ule ukimpa ruhusa hiyo umempa mbingu. Alipiga kifuniko mpaka majirani wakalalamika. Nami nikajifunza. Polepole ile kelele ikawa mbali, kama mvua ya mlima wa pili. Kopo, pumzi, kidole. Nikawa kiziwi wa kujitakia (shikeni neno hilo).

Leo ikafika. Asubuhi wakapiga wanaume, wakatumia safu moja tu, ile iliyo upande wa mti wa mgunga. Halafu tukaja sisi, mmoja mmoja, kwenye safu hiyohiyo, huku Sajini akishika saa. Tukabaki wawili wa fainali: mimi na Mama Mutua.

Mama Mutua ni jirani yangu, Mkamba, mwili wa kutosha, maneno machache. Aliishi Mombasa miaka mingi mumewe alipokuwa bandarini. Alifika fainali kwa bahati. Kopo lake moja liliangushwa na upepo, watu wakabishana, Sajini akakata shauri mbele ya wote kwamba kopo likianguka limeanguka, hataki kuulizwa limeangushwa na nani. Mimi ndiye niliyepiga makofi kwa nguvu kuliko wote. Nilimwonea huruma.

Kwa fainali wakapanga safu ya pili, ng'ambo, ili tupige pamoja. Tukasimama nyuma ya pipa moja la kuanzia. Sajini ni mtu wa pwani, Kiswahili chake kimepigwa pasi. Akatuonyesha mmoja mmoja kwa kidevu, maana mikono ilikuwa na saa na filimbi.

"Mama Mghoi, yako ni ya kiume. Mama Mutua, yako ya kike."

Nilivimba. Nawaambia ukweli, nilivimba kama andazi. Nikasema moyoni, ameona. Mtu mzima ameona kazi yangu, amenipa makopo ya kiume, yale waliyopiga wanaume asubuhi, na huyu maskini amepewa ya kina mama. Nikamtazama Mama Mutua kwa upole ambao sasa nikiukumbuka nataka kujificha chini ya kitanda. Nikamwambia asijali, sote ni wanawake. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa kitu kwa Kijerumani.

Filimbi.

Nikakimbilia mgungani. Goti, pumzi, kidole. Kopo likaruka. Vunja, tia, kimbia. La pili. La tatu chini kifudifudi, udongo mdomoni, sikuhisi. Nikasikia watu wanapiga kelele, nikasema moyoni, pigeni tu, mimi nina mtoto wa kifuniko. Na kweli mwanangu alikuwa kule ukingoni mapajani mwa jirani, anapiga kifuniko chake kwa mwiko kama tulivyozoea. Kuna sauti ya mume wangu ilikuwa inaita jina langu. Lile nililopewa na baba, siyo la umama. Hajaniita hivyo tangu harusi. Nikaona ni mapenzi, nikalenga vizuri zaidi.

Kopo la mwisho lilikuwa dogo, la maziwa, limewekwa juu ya kisiki. Nilipumua. Nikamwona baba kwenye lile jiwe, kakunja mikono, ukungu nyuma yake. Nikafyatua. Likaanguka kwa mlio ambao nitausikia nikiwa kikongwe.

Nikainuka, nimejaa vumbi jekundu hadi kope, nikanyanyua bunduki juu.

Mghoi peke yake ndiye aliyekuwa anashangilia.

Nikageuka. Safu ya pili ilikuwa imesimama yote, kama wanafunzi wa paredi. Na nyuma yangu, hatua chache tu, alikuwa Mama Mutua. Bunduki ameilaza chini kwa adabu, mikono ameifunga kifuani, hana hata jasho. Alikuwa amefika hapo, akanikuta nafanya kazi, akaona si vizuri kunisumbua.

Sajini akaja polepole. Akavua kofia.

"Mama Mghoi," akasema, "tangu nianze kazi hii sijaona mwanamke anayepiga hivi. Wala mwanamume. Lakini hayo ni ya mwenzio."

Nikamwambia kwa sauti ambayo hata watu wa kule Mraru wameisikia kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyenipa ya kiume, na wanaume wamepiga hapa asubuhi nzima.

"Kiume, mama. Mkono wa kiume." Akainua mkono wa kulia. "Na huu ndio wa kike." Akainua wa kushoto, ukaelekea mgungani.

Watu wakaanguka. Wale wa pwani ndio waliokuwa wabaya zaidi, maana wao walijua tangu mwanzo nakimbilia wapi. Mimi niliyefaulu Kiswahili! Mwalimu wetu alitufundisha kulia na kushoto, akafunga kitabu, akaenda zake. Na mnieleze, wenzangu, nani aliamua mkono wa nguvu uitwe wa kiume? Mkono ninaofulia nguo za huyo mume ni upi? Ninaotwangia? Huu uliofyatua? Nilimuuliza Sajini yote hayo. Akasema lugha hakuitunga yeye.

Nikadai turudie. Akasema kopo likianguka limeanguka, haiulizwi limeangushwa na nani, na yaliyoanguka ni ya Mama Mutua. Nikakumbuka nani aliyeipigia kanuni hiyo makofi.

Mume wangu alikuwa amekaa chini, machozi yanamtoka. Kumbe jina langu alikuwa analiita hivi: "Wakesho, siyo huko! Wakesho, ng'ambo!" Siku ya kwanza ananipa ushauri mzuri, na nimejizoeza kutousikia.

Jioni hii, nikiwa nakoroga sima kana kwamba imenikosea, Mama Mutua akapiga hodi. Nikadhani amekuja kunicheka. Akakaa kwenye kigoda.

"Mama Mghoi, mimi nitaaibika Mombasa. Unajua sijui kupiga. Nifundishe."

Nilitaka kumwambia aende akafundishwe na upepo wake. Mdomo ulikuwa tayari. Halafu akasema Sajini amemruhusu kwenda na mwalimu, behewa moja, na kwamba yeye kwa Mombasa anazijua njia zote, mimi nitabeba tu mtoto na bunduki.

Ndipo nikacheka na mimi, kwa mara ya kwanza tangu mchana. Kwa sababu nilikumbuka asubuhi moja ya ukungu Werugha, nilipofukuza kundi zima la nyani bila kukosa jiwe, nikarudi kifua mbele, na baba akacheka mpaka akalishikilia lile jiwe letu. Nilikuwa nimelinda shamba la jirani. Letu lilikuwa limeliwa lote. Akafuta macho, akanipa hindi langu lililoiva vizuri, akaniambia kesho nianze kwa kutazama shamba ni la nani, halafu ndiyo niwe kiziwi.

Yale mafunzo mawili ya kwanza niliyashika. Hilo la tatu nilimwachia yeye.

Basi tunapanda garimoshi, Mama Mutua akiwa mshindi na mimi mwalimu wake. Somo la kwanza ni kesho, na litakuwa la mikono. Ninyi msicheke. Kama lazima mcheke, chekeni kwa upande wa kike wa mdomo. Nikisikia huo mwingine, nitajua sasa ni upi.